Bahasha ya Picha Saba

Mimi humtambua mtu kwa masikio. Uso hunenepa, hukonda, hufuga ndevu, hupakwa poda ya harusi, lakini sikio hubaki lile lile tangu utotoni mpaka kaburini. Nimepiga picha za pasipoti mjini Mbarara kwa zaidi ya miaka thelathini, na picha ya pasipoti inataka masikio yote mawili yaonekane, kwa hiyo nimeshasogeza vilemba na nywele za bandia za nusu ya mji huu. Nikipita sokoni naona masikio ninayoyajua hata kama majina ya wenyewe yamenitoka.

Studio niliachiwa na baba. Alitoka Kigoma kuja Mbarara kuuza nguo, akaishia kuuza picha. Alikuwa na kanuni moja tu kazini: picha haijapigwa mpaka imefika mkononi mwa mwenye uso. Wenzake walikuwa wakienda harusi za vijijini, wanapiga, wanachukua malipo ya mwanzo, halafu wanatokomea. Baba alikuwa anapanda baiskeli mpaka Biharwe, na safari moja mpaka Rwekubo, jua la saa nane, kwenda kumkabidhi mzee mmoja picha moja. Mimi nikiwa msichana nilimwona kama amechanganyikiwa kidogo. Nilipoirithi studio nikawa mkali kuliko yeye.

Watu huniita Hajati, ingawa Maka sijafika. Nimewaacha. Kumkatalia kila anayenisalimu kunachosha, na kusema kweli jina lenyewe linanikaa vizuri.

Kijana ninayetaka kueleza habari zake alinijia akiwa na miaka kumi na tisa. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na simu iliyopasuka kioo, akitaka nimtolee picha alizopiga kwenye mechi ya mpira. Kabla ya kuuliza bei aliuliza kazi. Nikamwuliza anajua nini. Akasema anajua kila kitu. Nikamtazama vizuri: mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi, na masikio makubwa yaliyosimama wima, la kushoto limejikunja kwa juu kama ukurasa uliokunjwa na msomaji mvivu. Nilijisemea kwamba huyu hata akipotea Nairobi nitampata.

Mama yake alikuwa mkulima kule Rubondo, upande wa Wakongo kambini. Alikimbia Kivu Kusini akiwa amembeba huyu mtoto mgongoni. Mumewe alibaki njiani, akafa, na kati ya vyote walivyoviacha nyuma zilikuwemo picha zake. Kijana alikua bila kujua baba yake alikuwa na sura gani. Aliniambia hivyo siku ya pili tu ya kazi, huku anafuta vumbi kwenye lensi, kwa sauti ya mtu anayekuambia mvua ilinyesha jana. Nadhani ndiyo sababu hasa ya yeye kupenda kamera, ingawa mwenyewe alikuwa anasema ni kwa sababu ya wasichana.

Alijifunza haraka, na alikuwa na majivuno ya kuudhi. Nilimfundisha mwanga, nikamfundisha namna ya kumfanya mtu alegeze mabega, nikamfundisha masikio. Siku za Jumamosi nilimpa kamera akapige kambini: ubatizo, kwaya, mitumba mipya ambayo watu walitaka ndugu zao waione. Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza. Nilikuta kwenye mkoba wake picha za ubatizo zenye miezi miwili. Zimeshatolewa, zimeshakatwa, zimekaa tu. Akasema Jumamosi zote alikuwa na shughuli. Niliifungia kamera kabatini, ufunguo nikautia kifuani, nikamwambia ataiona siku bahasha ile itakapokuwa tupu.

Akaenda, na aliporudi hakutaka hata chai. Kati ya wale wa ubatizo alikuwamo bibi mmoja, na yule bibi alikuwa ameshazikwa wiki mbili. Walimzika bila picha, maana hawakuwa nayo, na ile moja iliyokuwepo alikuwa nayo huyu mtoto kwenye mkoba. Binti wa marehemu hakumlaumu. Aliipokea, akaiangalia, akauliza kama kuna nyingine tena. Ile ndiyo iliyomuuma, kwamba hakulaumiwa. Akaniambia, "Hajati, sitachelewesha tena." Na hakuchelewesha. Nimekaa na mafundi wengi, hakuna aliyelishika neno langu kama yeye.

Vita viliporudi Kivu, ingawa mama yake husema havikuwahi kuondoka, yeye alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Akaniambia anavuka kwenda Kongo. Nikamwambia watu wanakimbia kuja huku, wewe unakimbilia huko kuna nini. Akasema huko kuna picha, tena lugha ninaijua, na wanaokuja kupiga kutoka Ulaya hawajui hata kusalimia. Mtoto akililia wembe mpe, wahenga walisema, lakini wao hawakuulizwa na mama zao baadaye. Nilimpa lensi ya baba, ile ndefu, nikamwombea dua. Yeye akasali kwa namna yake.

Akawa anakwenda wiki mbili, tatu, anarudi. Picha zake zikaanza kununuliwa na magazeti ya nje. Siku moja alinitandikia kwenye kaunta gazeti la lugha nisiyoijua, na pembeni ya picha kulikuwa na jina lake kwa herufi ndogo kama chawa. Nikatafuta miwani makusudi, polepole, nikasema sioni kitu. Alicheka mpaka akainama. Alipoondoka nilimwonyesha lile gazeti kila mteja aliyeingia kwa muda wa mwezi mzima, pamoja na wale waliokuja kutoa nakala ya kitambulisho tu. Nilijivuna sana. Nilikuwa nimemzaa mimi pale studio.

Hakuwa anapiga maiti. Siyo kwamba hakuziona. Alikuwa anasema maiti haiwezi kumwambia hapana. Alipiga watu njiani: mama na mbuzi mweupe, ndugu wawili wanaobeba redio kwa zamu, mtu aliyetoka mbio nyumbani kwake na mlango kichwani. Aliomba kwanza, akapiga, akaonyesha, halafu akaahidi kwamba picha ataileta. Hapo ndipo alipotofautiana na wote. Aliporudi Mbarara, kabla hata ya kuoga, alikuja studio kutoa picha kwa karatasi zangu, akaandika nyuma ya kila picha kwa kalamu ya risasi. Majina hakuandika. Karatasi yenye majina ikiangukia mikono mibaya inaua. Aliandika "mwenye mlango", "mama wa mbuzi", "bandugu ba redio". Kisha anaitia bahasha ya kaki yenye muhuri wa studio yangu, anaivaa chini ya shati, anarudi nayo vitani.

Mhariri mmoja wa ng'ambo alimwambia kwamba haina haja, picha ikishachapishwa imefika. Alinisimulia kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa kwamba chakula kikishapikwa kimeshaliwa. Kule vijiji vilivyokuwa vinahama vilianza kumjua. Watu waliokuwa wanaficha nyuso mbele ya kamera nyingine walikuwa wanamwita yeye, kwa sababu alikuwa harudi mikono mitupu. Picha alizopata, wengine wasingezipata. Na siri yake ilikuwa hiyo tu, ya baiskeli ya baba yangu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Mara ya mwisho alikuja siku ya Jumatano, mchana. Alikuwa amekonda. Alitaka picha kumi na tatu. Nikazitoa, nikaanza kuzikata, naye akakaa kwenye kile kiti cha wateja, kati ya miavuli miwili ya taa. Halafu akaniuliza, "Hajati, hizi lazima nizirudishe?"

Nilikuwa nakata. Sikuinua kichwa. "Uliahidi?"

"Niliahidi."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nadhani alicheka. Nasema nadhani kwa sababu sikumtazama, nilikuwa natazama mkasi. Akachukua bahasha, akaaga, akapita mlangoni. Niliyaona masikio yake kwa nyuma, dhidi ya jua la barabarani, mekundu. Hayo ndiyo niliyoyaona mwisho.

Alikufa siku ya kumi baada ya hapo. Alishazigawa picha sita. Alikuwa anaelekea kwenye kanisa moja ambako wengine walikuwa wamekimbilia, bomu likaanguka barabarani. Dereva wa pikipiki aliyekuwa amemchukua aliumia mguu tu. Walimzika huko huko, karibu na kanisa, haraka haraka, na waliobaki wakaendelea kukimbia. Mama yake alipigiwa simu na mchungaji. Yule dereva alikuja Mbarara siku nne baadaye, anachechemea, akifuata anwani ya muhuri. Akanikabidhi bahasha. Kona moja ilikuwa na damu, lakini picha zenyewe zilikuwa safi, zote saba.

Nilikwenda nayo kambini kwenye matanga. Nyumba yote ilikuwa imejaa, kwaya inaimba nje, masufuria ya bukari, ugali wao, na sombe, kisamvu chao, yanachemka chini ya turubai. Mama yake, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga kitambaa cheusi kichwani kilichoshuka mpaka kwenye shingo. Nilikaa karibu na mlango na mtandio wangu, Mwislamu peke yangu kati ya nyimbo za Yesu, na hakuna aliyenitazama vibaya. Kwa siku zilizobaki za matanga nilikwenda na kurudi.

Siku ya mwisho, kama desturi, mjomba wa marehemu alisimama akauliza kama kuna mtu anayemdai marehemu, aseme sasa hapa, jamaa ibebe. Kwa kawaida ni swali la heshima. Mmoja akasema marehemu aliazima pampu ya mpira. Mwingine akasema anamsamehe yote. Watu wakaanza kujitayarisha kwa sala ya kufunga.

Nikasimama. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Nikasema marehemu anadaiwa. Anadaiwa picha saba na watu saba, bahasha hii hapa, na kwetu kazini ahadi ni deni.

Mjomba alinitazama kama niliyetukana. Mama wa marehemu akainuka kutoka kwenye mkeka, taratibu, akanijia mpaka nikauona wekundu wa macho yake.

"Wewe njo ulimufundisha kurudisha," akasema, na kwa Kiswahili cha kwao njo ni ndiye. "Basi matanga haiishe. Bale bantu saba bapate kwanza picha zabo. Na wewe Hajati njo utabapelekea."

Mjomba akajaribu kumtuliza, mchungaji naye. Hakusikia. Akasema kitambaa hakivui, na hakuna atakayekunja mkeka ule. Nilitaka nimwambie pale pale juu ya ile Jumatano. Nilifungua mdomo, ule mdomo usio na breki, na ukanisaliti kwa mara ya kwanza maishani. Nilirudi Mbarara na bahasha na lile neno, vyote viwili kifuani.

Nikaanza kufunga studio kila Alhamisi. Watu waliokimbia Kivu walikuwa wanaendelea kuingia Uganda, wengi wakiletwa Nakivale, na nilijua kwamba wenye picha zangu, kama wako hai, huenda wakatokea hapo. Nilikaa karibu na mahali wanapopokelewa, kwenye kigoda changu mwenyewe, nikaangalia masikio. Mlinzi wa lango, kijana Mnyankore aliyejifunza Kiswahili jeshini, alinivumilia wiki tatu, halafu akaja.

"Hajati, kila wiki wewe nakuja. Wewe natafuta nani?"

Nikamwonyesha picha. Nikamweleza habari ya masikio. Alicheka, akajishika ya kwake, na baada ya mwezi akawa ananipigia simu mwenyewe kunieleza kwamba kuna mzee kafika mwenye sikio lililochanika, nije kuona. Hakuwa yeye, lakini nilimshukuru.

Mama wa mbuzi mweupe nilimwona wiki ya tano. Mbuzi hakuwepo, uso ulikuwa umeisha, lakini masikio yalikuwa yale yale, madogo, yamelala kichwani. Nikamfuata na picha mkononi. Akaitazama, akasema siyo yeye. Nikamwambia ni wewe, mama, mimi sikosei. Akasema siyo yeye na akaondoka akiwa ameshika watoto wake kwa nguvu. Nilikasirika. Mpaka nilipokuwa njiani kurudi ndipo nikajiona kama alivyoniona yeye: mwanamke mnene wa mjini, Kiswahili cha watu wengine, ana bahasha yenye damu na picha ya mtu aliyemwacha vitani. Mimi pia ningekana.

Nilikwenda Rubondo nikamweleza mama wa kijana. Tangu matanga hakuwa amenisemesha zaidi ya salamu. Alikuwa anapalilia maharage, kitambaa cheusi kimefunika kichwa chote mpaka shingoni. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha jembe.

"Unabauliza mubaya," akasema, akaenda kunawa miguu.

Tangu siku hiyo tulikwenda wawili. Alimkuta yule mama, akamsalimia, akamwuliza alitoka kijiji gani, alisali kanisa gani, watoto wamekula. Walizungumza nusu saa kuhusu mihogo. Mimi nilikaa pembeni na bahasha nikiwa nimekatazwa kusema. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile ya mihogo, kwamba ni mtoto wake aliyekuwa na kamera. Yule mama alinyosha mkono. Aliiangalia picha, akamgusa mbuzi kwa kidole, akalia, na mama wa kijana akalia naye, na mimi nikasahau kwamba nimekatazwa kusema, nikawaambia wote wawili wanyamaze, nikaanza kulia mimi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu mwaka mzima. Mmoja wa ndugu wa redio alitokea peke yake. Aliomba nimtolee nakala ya pili, ya ndugu yake, akifika. Nikamtolea. Bibi mmoja kati ya wale saba alikuwa ameshafariki, picha akaipokea mjukuu wake. Wengine watatu tuliwapata kwa njia ya kwaya, maana Wakongo wa kambini wakitaka kumtafuta mtu huimba naye kwanza. Na mimi na huyu mwanamke tukawa tunagombana njia nzima. Alisema natembea kama mtu aliyebeba kabati. Nikasema ndakala, wale dagaa anaonipikia, wana chumvi ya kutosha kukausha ng'ombe. Alisema watu wa Mbarara wananuka maziwa. Nilimpenda, kusema kweli, na hilo ndilo lililozidi kunitesa. Kila tulipokabidhi picha nilijiambia, sasa mwambie. Kisha nilimtazama kwa pembeni, kile kitambaa, ile shingo iliyonyooka, na nikauliza habari ya mvua. Niliogopa kumpoteza. Mimi, niliyesimama matangani kudai mbele ya watu, niliogopa sentensi moja.

Wa mwisho alikuwa mwenye mlango. Habari zilikuja kwamba kuna fundi seremala Oruchinga, ile kambi ndogo, anayesimulia kila mtu habari za mlango aliokimbia nao. Tulikwenda asubuhi. Tulimkuta anapiga randa ubao nje ya nyumba ya udongo iliyokuwa na turubai mahali pa mlango. Sikuhitaji masikio. Nilimtambua kwa namna alivyoshika ubao.

Alipangusa mikono mara mbili kabla ya kupokea. Kwenye picha amesimama katikati ya barabara, mlango kichwani, mlango wa mbao nyekundu wenye maua yaliyochongwa pembe nne, na nyuma yake watu wanakimbia. Yeye peke yake ndiye aliyesimama. Akasema mlango aliuchonga mwenyewe mwaka aliooa. Aliuacha siku ya tatu, mlimani, shingo ilipokataa. Alitazama muda mrefu akitembeza ukucha juu ya yale maua.

"Nilimuambia, bote banasemaka batarudia," akasema. "Akacheka. Akasema yeye atarudia." Kisha akatazama nyuma yetu, barabarani. "Yeye mwenyewe iko wapi?"

Nilimgeukia mama yake. Hakutikisika.

"Alitutuma siye," akasema.

Fundi alielewa. Akavua kofia. Hakusema pole, aliingia ndani akatuletea vigoda viwili tukae, na tukakaa mpaka tukamaliza uji aliotupa.

Tulirudi barabarani kungoja gari. Bahasha ilikuwa tupu mkononi mwangu, nyepesi, na nilijua kwamba nikipanda gari bila kusema sitasema tena mpaka nife. Nikamwambia. Nikamwambia Jumatano, mkasi, swali lake na jibu langu, na kwamba sikuinua kichwa. Nikamwambia angeniona nikisita hata kidogo tu, angebaki. Yeye alikuwa anatafuta sababu na mimi nikamnyima.

Gari moja likapita na hatukulisimamisha.

"Mbele ya kuja kwako alipita kwangu," akasema. "Akaniuliza vile vile. 'Mama, nirudie?' Nikamuambia, baba yako sina picha yake hata moja. Nenda."

Nikageuka kumtazama. Yeye alikuwa anatazama barabara.

"Mwaka muzima ninakukasirikia juu hukumukataza," akasema. "Mimi nilishindwa kumukataza. Nilifikiri wewe utamukataza."

Kijana alikwenda kwa mama wawili kuomba jibu moja, na sote wawili tukampa lile gumu, kila mmoja akitumaini kwamba mwenziwe atampa jepesi. Watu huniambia angekwenda tu, kazi ilikuwa damuni. Huwa nawakatalia. Aliuliza. Mtu aliyekwisha kuamua haulizi. Na bado, nikiwa nimekaa pale na bahasha tupu, niliona vidole vya fundi vikitembea juu ya maua ya mlango ambao haupo tena duniani isipokuwa kwenye ile karatasi, na sikuweza kusema kwamba kanuni ya baba ni mbaya. Ningetoa studio nzima nimrudishe yeye. Kanuni nisingeitoa. Najua haviingii mfuko mmoja, lakini ndivyo nilivyo, na mama yake ndivyo alivyo.

Nilimshika mkono, akaniachia. Gari la pili tulilisimamisha.

Matanga yaliisha Jumapili iliyofuata. Kwaya ilikuja, mjomba alikuja, mlinzi wa lango alikuja na shati jeupe, fundi wa Oruchinga akaleta kigoda alichochonga. Mkeka ukakunjwa. Mjomba aliuliza tena kama kuna anayedai, akanitazama mimi, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Nikasema hakuna. Mama wa kijana akainua mikono akakifungua kile kitambaa cheusi, akamkabidhi mchungaji. Halafu akanijia, kichwa kitupu, nywele zimenyolewa upya, akakaa kwenye kigoda kipya mbele yangu.

"Piga," akasema. "Na uniletee."

Nilikuwa nimekuja na kamera, sijui kwa nini, desturi tu. Niliinua, nikaanza kutafuta masikio kama kawaida, nikaishusha kamera tena. Kwa mwaka mzima kitambaa kile kilikuwa kimeyafunika. Nilingoja macho yangu yakauke, nikapiga mara moja.

Picha niliipeleka Jumamosi, mwenyewe, mpaka mkononi. Aliishika kwa vidole viwili, akaitazama, akaniuliza mbona nimemfanyia masikio makubwa hivi, tena la kushoto limekunjika. Nikamwambia sikuongeza kitu, hayo ndiyo aliyompa mtoto wake.